Miche Aliyoing'oa Kaka Yako

Tarehe 2 Machi

Wifi yangu Mama Miche,

Mgongo unasemaje huko? Na kile kikohozi cha baridi kimekuachia? Sisi wazima, tunasukuma siku. Binti yetu kajifungua salama, mtoto wa kiume, kichwa kikubwa kama cha upande wenu. Usinune. Mwaka jana wewe ndiye uliyeanza, uliposema pua ya kwetu.

Hatimaye baridi imekatika. Juzi nimetoa cherehani barazani nikashona juani, na vidole vikanitii. Ardhi imelainika, jembe linaingia bila kubishana. Kaka yako tangu astaafu ufundi bomba hana pengine pa kupeleka mikono, basi ni bustani asubuhi, bustani jioni, chakula namletea hukohuko. Upande wa ukutani kaulima wote. Mwaridi kaupunguza mpaka nikauonea huruma, lakini tayari unatoa macho mekundu.

Sasa nikuchekeshe. Jumatatu kapanda vitunguu tuta zima, kavuta na kamba, mstari umenyooka kama pindo. Jumanne natoka, namkuta anadondosha maharage juu ya vitunguu vilevile. Nikamwambia, "Baba, hapo si jana umeweka vitunguu?" Akaniangalia, akaliangalia tuta, akasema, "Acha viwe na mtu wa kuongea naye." Tulicheka mpaka jirani yetu mwashi akachungulia ukutani kuuliza kuna nini. Ila nilipoingia ndani, kicheko kikaniishia mlangoni.

Ukipata gari la kuja huku, nitumie miche ya nyanya. Ile ya mwaka jana ilizaa hadi tukachoka kugawa.

Wifi yako,
Cherehani


Tarehe 11 Machi

Wifi Cherehani, bibi wa mtu mwenye kichwa cha maana,

Nimefurahi mpaka nimemwambia kila mteja! Mlee vizuri, hicho kichwa kimejaa akili ya kwetu. Mgongo wangu ni uleule, unalalamika kabla sijainama. Kikohozi kimeshahama.

Huku mimi ni vita na konokono. Nimeamka nikakuta trei nzima ya kabichi imebaki vijiti, na wao wamelala chini ya trei wameshiba. Upepo nao ulichana nailoni ya kitalu, nimekaa kuishona na sindano ya gunia nikakukumbuka. Ungeuona ule mshono ungelia. Lakini hoho zimeota, bilinganya zimeota, na nyanya zimesimama kama askari. Nakutumia za kutosha kwa dereva wa basi la asubuhi. Mwambie kaka azizike mpaka kwenye majani ya kwanza.

Vitunguu na maharage umenichekesha kweli. Huyo ndiye yeye. Alipokuwa kijana aliwahi kutoka kwenda kazini na kandambili, tena mguu mmoja wangu. Usimfikirie sana.

Mbusu mjukuu kichwani, nafasi ipo.

Wifi yako,
Mama Miche


Tarehe 25 Machi

Wifi,

Natumaini mko salama wewe na kitalu chako. Miche ilifika ikiwa imara, haikunyauka hata jani moja, asante. Nakuandikia barua wala si simu, kwa sababu nikiongea kwenye simu kaka yako anakaa karibu anasikiliza.

Aliipanda siku hiyohiyo. Wifi, aliipanda vizuri ajabu, kila mche na kijiti chake, kila kijiti na kitambaa nilichomkatia. Alipomaliza akasimama na jembe begani akaitazama kama mtu anayetazama harusi. Kesho yake nimetoka kupeleka gauni la mteja, nakuta tuta liko tupu. Miche yote imerundikwa barabarani pamoja na majani makavu, mizizi juu. Yeye anafagia. "Magugu mwaka huu yamezidi," akaniambia. Niliokota nikairudishia ardhini, mingine imeshika, mingine imekufa.

Kuna jingine. Mpira wa maji ulipotea. Akaenda kwa mwashi, mtu ambaye wamekunywa chai pamoja miaka na miaka, akasimama mlangoni kwake akamwita mwizi, watu wanasikia. Mwashi wa watu alimwangalia, mimi nikiwa nyuma nimemshika kaka yako shati, akafunga mlango taratibu. Mpira nimeukuta kwenye kabati langu, umeviringishwa vizuri katikati ya magauni, bado unatoa maji.

Sijui hii ni nini. Najua tu kwamba si kandambili. Binti ana kichanga, hawezi kusafiri. Njoo umwone, wifi. Hata kwa siku chache. Njoo tu umwone kwa macho yako.

Wifi yako


Tarehe 30 Machi

Shemeji wa watu,

Salamu nimezipokea. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nimekasirika zaidi.

Jana nimempigia simu kaka ukiwa sokoni. Tumeongea mpaka sikio limenichoma. Kaniuliza habari za kitalu, kanieleza namna ya kuzuia maji yasisimame kwenye trei, katamka mwenyewe kwamba hoho zisihamishwe mapema. Hakuna alipokosea. Sasa huyo unayeniandikia wewe ni nani? Mtu katoka kazini alikokuwa anaheshimika, kakaa nyumbani anahesabiwa makosa kutwa nzima, si lazima achanganyikiwe? Nani asiyewahi kung'oa mche akidhani gugu? Mimi nimefanya hivyo, na hii ndiyo kazi yangu.

Baba yetu alipofariki huyo ndiye aliyetuvalisha viatu. Sitakaa nisikie anatangazwa mtaani kuwa kichwa chake kimeharibika. Leo kwa mwashi, kesho kwa wateja wako wa magauni. Kama umemchoka, sema umemchoka.

Siji. Nina msimu.

Dada wa mumeo


Tarehe 28 Aprili

Wifi,

Kimya chako kimekuwa kirefu. Nimeuliza kama barua imekwama kwa dereva, akaniambia hajapewa kitu.

Mnaendeleaje? Huku miche inatoka kwa kasi, asubuhi wateja wanapanga foleni kabla sijafungua geti. Konokono nimewashinda kwa majivu. Maua ya mlangoni yamechanua yote kwa pamoja, njano tupu. Nikimpigia kaka simu haipokelewi. Jana imepokelewa, nikamsikia anapumua, nikaita "kaka, kaka", ikakatwa.

Niandikie. Hata kama ni kunitukana, niandikie.

Wifi yako


Tarehe 6 Mei

Wifi,

Hatujambo. Nilikaa kimya kwa sababu kila nilichoanza kuandika kilikuwa kikali, na mimi sipendi kukata kitambaa nikiwa na hasira.

Simu yake iko kwenye ndoo ya mbolea. Aliipanda. Nilisikia inalia chini ya mbolea wewe ulipopiga.

Nilimpeleka hospitali. Daktari ni binti mdogo, mpole, akamwekea vitu mezani amtajie. Spana zote alizitaja, kubwa na ndogo, na akamfundisha daktari ipi ni ya bomba gani. Alipoulizwa ana watoto wangapi, akanigeukia mimi anijibie. Daktari akasema ni ugonjwa wa ubongo, unakula kumbukumbu polepole, na dawa zinaweza kuuchelewesha kidogo tu. Kaniambia pia kwamba mgonjwa wa aina hii akiongea na mtu wa mbali kwenye simu anaweza kujikaza akaonekana mzima kabisa. Hilo nimekuandikia kama lilivyo, sina la kuongeza.

Wiki iliyopita alitoka. Nilikuwa nampima mteja mkono, nageuka geti liko wazi. Tulimtafuta mpaka jua likazama, mimi na mwashi. Ndiyo, mwashi yuleyule. Tukamkuta kwenye yadi ya kazini kwake kwa zamani, kakaa juu ya bomba la saruji, anasubiri wenzake waje wapewe zamu. Mlinzi kampa chai. Mwashi akamwambia, "Mzee, leo hakuna zamu, twende," akamshika mkono wakatangulia, mimi nikafuata nyuma nikilia kama mtoto.

Bustani ipo. Sijalala vizuri tangu mwezi wa tatu. Mashine inanishona vidole.

Nakutakia msimu mwema.

Mke wa kaka yako


Tarehe 10 Mei

Wifi yangu,

Pole. Pole sana. Sikujua hilo la yadi.

Lakini bado moyo wangu unakataa, nikudanganye nini? Madaktari wanasema mengi. Mpe mabadiliko. Mlete kwangu akae hata mwezi mmoja. Hapa kuna udongo, kuna kazi, kuna mimi. Atashinda na miche, atakula chakula alichokula utotoni. Na wewe ulale. Kama hawezi kusafiri peke yake, mtafutie mtu wa kumsindikiza. Chumba cha nyuma nimeshakifagia.

Usiseme hapana.

Wifi yako,
Mama Miche


Tarehe 24 Mei

Wifi Cherehani,

Salamu kutoka kwa watu wawili! Mwashi alimfikisha salama, akakataa hata kukaa, akanywa maji akageuza na basi lilelile. Yule ni mtu.

Nakuandikia kwa furaha. Kaka anakula, analala, ananenepa. Siku ya kwanza alizunguka kitalu chote akigusa bomba moja moja, kisha akaomba spana. Ile koki ya nyuma iliyokuwa ikidondosha maji tangu enzi, sasa imenyamaza kabisa. Anahamisha miche kwenye makopo, vidole vyake vikubwa vile, na havunji hata mzizi. Wateja wanamwita "mtaalamu". Ananiita dada. Jana tumekaa tukasimuliana habari za nyumba ya baba, chumba kwa chumba.

Sitaki kusema nilikwambia. Ila nilikwambia.

Pumzika.

Wifi yako,
Mama Miche


Tarehe 30 Mei

Wifi,

Nashukuru. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena.

Nimelala, wifi. Nililala mpaka mteja akagonga dirisha. Nimemaliza magauni yote yaliyolala. Nimesia karoti tuta la katikati, nimeotesha kabichi kwenye makopo ya maziwa, na hakuna kilichong'olewa. Kila asubuhi nikitoka nakuta kitu nilichokipanda kipo palepale. Nilifurahi. Halafu nikaona aibu kwamba nimefurahi, nikaenda kuvuta koti lake msumarini nikalikung'uta bila sababu.

Labda ni kweli mimi ndiye niliyekuwa namsumbua. Nimefikiri hivyo siku hizi mbili tatu. Kama kwako ni mzima na kwangu ni mgonjwa, basi jibu liko wazi, na mimi nitalimeza.

Koti lake la sufu nitalituma. Asubuhi akitoka na shati tupu anapata mafua, mwangalie.

Wifi yako


Tarehe 9 Juni

Wifi yangu, mke wa kaka yangu,

Usimeze chochote. Nisikilize.

Jumamosi nilimwachia amwagilie upande wa nyanya na hoho, mimi nikawa mbele na wateja. Nilimsikia anapiga mluzi. Jumatano majani yakawa njano. Nikadhani ni maji mengi. Alhamisi yakawa kama gazeti lililosahauliwa dirishani. Nikaenda stoo. Kopo la dawa ya kuua magugu, lile ninaloweka rafu ya juu kabisa, liko chini, kifuniko pembeni, tupu. Nikainusa keni ya kumwagilia. Wifi, alimwagilia kila trei, kwa upole, bila kuruka hata moja. Nyanya zimekwisha, hoho zimekwisha, bilinganya zimekwisha. Upande mzima wa kitalu umelala.

Nilimfuata. Alikuwa amekaa kwenye kreti anatoa udongo kwenye kucha. Nilimpigia kelele, sitakuficha. Mbele za watu. "Umeniulia kila kitu! Kila kitu!" Akasimama. Akavua kofia akaishika kifuani, kama alivyokuwa akifanya akiingia nyumba za watu kutengeneza bomba. Akasema, "Samahani sana, mama. Mimi ni fundi tu, nimeitwa hapa. Mwenye nyumba yupo? Nitaongea naye."

"Kaka, ni mimi."

"Ndiyo, mama."

"Mimi mdogo wako. Niangalie."

Akaniangalia, wifi. Aliniangalia kwa heshima zote, na hakukuwa na mtu ndani ya macho yake aliyekuwa akinitafuta. Kisha akauliza, "Mke wangu anakuja kunichukua saa ngapi?" Nikamuuliza mke wako ni nani. Akatabasamu. "Anashona. Ukimwona utamjua tu, siku zote ana uzi begani."

Nilikaa chini palepale kwenye udongo.

Sikukwambia yote katika barua ile ya furaha. Kwamba usukani wa koki ya nyuma aliufungua na kuufunga siku nzima, mpaka nikauficha. Kwamba akiniita dada, anawaita dada wateja wote. Kwamba ile nyumba ya baba, mimi ndiye niliyekuwa nasimulia na yeye anaitikia. Niliyaona, nikayakunja nikayaweka pembeni, maana nilikuwa nimeshakuandikia.

Ile barua ya mwezi wa tatu, ichane.

Sasa anauliza habari zako kila jua likianza kushuka. Anakaa getini na koti ulilotuma, amelifunga vifungo vyote, na joto hili. Nifanye nini? Nimlete?

Wifi yako


Tarehe 12 Juni

Wifi,

Usimlete. Kamwambia kila mtu kuwa nakuja kumchukua, basi nakuja kumchukua. Jumapili, basi la asubuhi.

Ile barua niliichana siku ileile ilipofika, usijisumbue.

Nakuja na kabichi zangu za makopo ya maziwa. Hazijanyooka na mwenyewe naona aibu kumpelekea mwenye kitalu, lakini ni hai, utaanzia hapo. Mwashi anakuja pia, kasema nailoni yako akiiona ataing'oa yote akufungie upya kwa mbao.

Mwambie kaka yako asiondoke hapo getini.

Wifi yako,
Cherehani


Tarehe 20 Julai

Mama Miche wangu,

Vipi tangu tuachane? Mbao zimekaa? Na kabichi zimekusamehe? Mwashi anakuulizia kuliko ninavyopenda. Ukicheka hapo, nimekusikia.

Tumetulia, kwa namna yetu. Nimemtengea kaka yako tuta lote chini ya dirisha ninaposhonea. Hapo apande, ang'oe, apande tena, hakuna anayemuuliza. Mbegu nampa zile zilizopitwa na wakati. Asubuhi anazika maharage, mchana anayafukua anayaosha, jioni anayazika. Mimi nashona namwona. Kwingine kote mwashi kaweka uzio mdogo na geti lenye komeo la upande wa nje, nalo ndilo tunalogombana nalo, maana komeo lile fundi bomba haliwezi kumshinda milele.

Haendi mbele, wifi. Nisikudanganye kama ulivyonidanganya wewe. Kuoga ni vita. Jumapili aliniuliza nguo yake itakuwa tayari lini. Alidhani mimi ni fundi aliyemshonea. Nikamwambia kesho. Akashukuru sana, akakaa kwenye benchi la wateja kusubiri, mikono magotini. Nilishona mshono mrefu usio na kazi yoyote ili nisigeuke.

Jana ndiyo sababu ya barua hii. Nilikuwa napalilia zile nyanya zako zilizosalia, zimezaa. Akasimama kwenye uzio akauliza, "Hizi tulipewa na nani?"

"Dada yako."

"Mimi nina dada?"

"Unaye. Ana kitalu cha miche, mbali kidogo."

Akageuka kwenda zake. Nilidhani yamekwisha. "Anakaa na nani?"

"Peke yake."

"Peke yake?" Akaonekana kukereka kabisa, kama mtu aliyesikia habari mbaya ya jirani. "Na mmemwacha hivyohivyo?"

Kabla sijasema neno kashafungua lile komeo, kaenda tuta la katikati, kapiga magoti, akaanza kung'oa karoti. Hazijafika. Nyingine ni nyembamba kama sindano ya kufumia. Nilitaka kumzuia, kisha nikataka walau nimchagulie zilizonenepa, akanisogeza mkono pembeni. "Zote," akasema. "Ni za yule aliye peke yake."

Basi ni hizo kwenye kifurushi. Nimezifunga kwa gazeti bichi kama zilivyo, sikuchagua hata moja. Udongo ni mwingi, zioshe vizuri. Majani yake pia yanalika, bado ni laini.

Wifi yako,
Cherehani